Kauli ya Kutendwa na Suala la Lawama: Kujifunza Kiingereza Rasmi kwa Habari za Ajali za Ndege Ndogo

Mwanafunzi mzungumzaji wa Kiswahili akikuta katika habari ya Kiingereza kwamba watu wanne "were killed" ndege ndogo ilipoanguka, huelekea kuandika kuwa watu hao "waliuawa". Tafsiri hiyo haikuacha neno hata moja, lakini habari imegeuka: amezuka muuaji ambaye mwandishi wa awali hakumtaja wala kumdhania. Kiingereza cha magazeti hutumia kauli hiyo ya kutendwa kwa kifo chochote cha ajali. Kiswahili husema walifariki dunia, walipoteza maisha, au kwa ufupi walikufa. Kosa hili si la msamiati. Linahusu namna kila lugha inavyomgawia mtu, kitu au bahati mbaya dhima ya mtenda, na ndiyo sababu habari za aina hii zinafaa kufundishia Kiingereza rasmi kuliko matini nyingi zinazopendelewa madarasani.

Hotuba ya bunge ni ndefu na hukumu ya mahakama imejaa istilahi. Habari ya ajali ya ndege ndogo ni fupi, muundo wake hujirudia, na tukio lilelile huandikwa zaidi ya mara moja katika viwango tofauti vya urasmi. Nchini Marekani, ambako ndege za binafsi na za mafunzo ni nyingi mno, gazeti hutoa habari siku ileile: aina ya ndege, idadi ya waliokuwemo, mahali, na nani atachunguza. Baada ya takriban mwezi mmoja hufuata ripoti ya awali ya Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri, NTSB, iliyoanza kazi mwaka 1967. Ripoti ya mwisho huweza kuchukua mwaka mmoja au zaidi. Msomaji anayezifuata hatua hizo huona kitenzi "crashed" kikiwa "impacted terrain", na kishazi kizima kuhusu rubani aliyeshindwa kuimudu ndege kikigeuka kirai nomino, "loss of control in flight". Rubani ametoweka katika sarufi, ingawa bado yumo katika tukio.

Kutoweka huko hakukutokana na pambo la kimtindo tu. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 kinaeleza kuwa lengo pekee la uchunguzi wa ajali ni kuzuia ajali nyingine, wala si kugawa lawama au dhima ya kisheria. Sheria ya Marekani nayo hairuhusu ripoti ya NTSB itumiwe kama ushahidi katika shauri la kudai fidia. Sarufi ya ripoti hutekeleza sharti hilo neno kwa neno.

Mtihani mgumu zaidi upo katika neno "failure". Ripoti husema kwamba chanzo cha ajali ni "the pilot's failure to maintain" mwendo unaotakiwa. Wanafunzi wengi huandika kuwa rubani "alishindwa" kudumisha mwendo, na Kiswahili hapo kinadokeza kwamba alijaribu, uwezo ukakosekana. Wengine, hasa waliozoea lugha ya magazeti, huandika "uzembe wa rubani", wakaongeza hatia. Kiingereza hakikusema lolote kati ya hayo. Kilisema tu kwamba jambo lililotarajiwa halikufanyika, na tafsiri iliyo karibu zaidi ni sahili kupita zote: rubani hakudumisha mwendo. Ukanushi wa Kiswahili unabeba maana ileile bila kumtetea mtu wala kumhukumu. Inashangaza kidogo kwamba suluhisho la urasmi wa Kiingereza liwe kitenzi chepesi cha Kiswahili, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa upande wa uharibifu, Kiswahili kina nyenzo ambayo Kiingereza hakina. "The airplane was destroyed" huweza kusomwa kama tendo au kama hali. Katika ripoti ni hali, tena ni daraja rasmi la uharibifu, kubwa kuliko lile linaloitwa "substantial". Kiswahili hutenganisha mawili hayo kwa mofimu: iliharibiwa hudai mtenda, iliharibika haimdai. Kauli ya kutendeka ndiyo inayofaa. Hata hivyo, utaratibu huu haupaswi kufanywa kanuni ya chuma, kwani Kiswahili chenyewe husema "abiria walijeruhiwa" katika ajali isiyo na mjeruhi. Kwa nini -jeruhi ikubali kauli ambayo -ua inaikataa ni suala la semantiki ya kila kitenzi, na darasa linaweza kulichunguza kwa faida.

Vichwa vya habari havisumbui sana. "Plane crashes, four killed" na "Ndege yaanguka, wanne wafariki" vyote hutumia wakati uliopo kwa tukio lililokwisha, na kiambishi -a- cha Kiswahili kimehifadhiwa katika magazeti karibu kwa kazi hiyo.

Ugumu hurudi katika kitenzi cha kuanguka. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ya aina ya ATR 42, kubwa kuliko zinazojadiliwa hapa lakini iliyoripotiwa kwa mtindo uleule, ilianguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, 19 walifariki. Idadi ya waliookolewa iliyotangazwa kwanza ilikuwa 26, baadaye ikarekebishwa kuwa 24. Hapo mwanafunzi hujifunza thamani ya "at least" na "so far", ambazo Kiswahili huzitimiza kwa "si chini ya" na "hadi sasa". "Kuanguka ziwani" kwa Kiswahili hakusemi lolote kuhusu nia ya rubani. Kiingereza humlazimisha mwandishi kuchagua. Akiandika "plunged" ameongeza kasi na kishindo. Akiandika "ditched" amedai kwamba rubani aliamua kwa makusudi kutua majini. Mwanafunzi aliyelikuta neno hilo la pili katika kamusi kama kisawe cha kuanguka majini anaweza kulitumia kwa nia njema kabisa, akawa amemwandikia marehemu uamuzi ambao hakuna aliyeuthibitisha.