Kofia ya Buluu ni Amana

Kijana anapojiunga na Jeshi la Wananchi huapa kuilinda nchi yake. Mipaka yake aijua, na watu wake awajua. Lakini iko siku ambapo huitwa, akaambiwa avae kofia ya buluu ya Umoja wa Mataifa, apande ndege, akawalinde watoto asiowazaa katika nchi isiyo yake. Twapenda leo kuuliza swali moja: kijana huyo amekabidhiwa nini, na sisi tuliomtuma tumekabidhiwa nini?

Mfano ulio karibu nasi ni Kongo. Mwezi Novemba 2012 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, ingawa askari wa Umoja wa Mataifa walikuwamo mjini. Baada ya fedheha hiyo, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2098 mwezi Machi 2013, likaunda kikosi maalumu chenye idhini ya kupigana na makundi yenye silaha. Askari wake walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, James Mwakibolwa. Kabla ya mwaka huo kwisha, M23 walitangaza kwamba wameacha vita.

Basi kijana wetu alikuta nini huko? Alikuta mvua, tope, misitu minene na zamu ndefu za usiku. Lakini alikuta pia jambo ambalo walinda amani waliotoka India au Uruguay hawakulipata: alisalimu, akaitikiwa. Watu wa Kivu husema Kiswahili. Wao husema "batoto" pale tusemapo watoto, na "aksanti" pale tusemapo asante. Hata hivyo mama atokaye shambani hahitaji mkalimani ili amwambie askari kwamba ameona watu wenye bunduki wakipita njiani. Neno moja la namna hiyo laweza kuokoa kijiji kizima, na kumwokoa askari mwenyewe.

Hapo ndipo ilipo amana ya kwanza. Ufunguo uufunguao mlango kwa wema waweza kuufungua kwa uovu. Mwaka 2016 Umoja wa Mataifa ulitangaza madai ya unyanyasaji wa kingono dhidi ya askari wa Tanzania waliokuwa Mavivi, karibu na Beni. Wako watakaosema kwamba habari kama hizo zifichwe kwa ajili ya heshima ya jeshi. Sisi hatukubali hata kidogo. Mgeni amdhulumuye mwenyeji wake huchukiwa. Lakini aliyepokelewa kama ndugu, kisha akadhulumu, huvunja jambo lililo kubwa zaidi. Heshima ya wengi wasio na hatia hulindwa kwa kuwafikisha wakosefu mbele ya sheria, wala si kwa kunyamaza.

Amana ya pili ni kijana mwenyewe. Jioni ya tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Semuliki katika eneo la Beni ilishambuliwa na kundi ambalo uchunguzi ulionyesha kuwa ni ADF. Vita viliendelea kwa saa nyingi. Askari 15 wa Tanzania walipoteza maisha, na zaidi ya 40 walijeruhiwa. Katibu Mkuu António Guterres alisema kwamba hilo lilikuwa shambulio baya kuliko yote yaliyowapata walinda amani wa Umoja huo katika miaka ya karibuni.

Uchunguzi uliofuata ulitaja kasoro za mafunzo na za uongozi. Ulisema pia kwamba haukuwapo mpango ulio tayari wa kuwaongezea nguvu askari wale au kuwaondoa hatarini, na kwamba ndege, wahandisi na habari za kijasusi vilipungua. Hatuna budi kuyapima maneno hayo. Vijana wale hawakupungukiwa na ushujaa. Walipungukiwa na msaada uliostahili kuwafikia. Kumwita mtu shujaa baada ya kufa ni rahisi. Kumpa nyenzo angali hai kuna gharama.

Mwezi Januari 2025 Goma iliangukia tena mikononi mwa M23. Je, jasho na damu vilimwagika bure? La hasha! Mtoto aliyekua kwa sababu kijiji chake kililala salama si kazi bure. Lakini ni dhahiri kwamba askari hununua muda tu, na kazi ya kuutumia muda huo ni ya wanasiasa.

Kwa hiyo twasema: kijana asipelekwe pasipo mafunzo na nyenzo zitoshazo, akikosa, ahukumiwe, akijeruhiwa, atunzwe. Na arudipo akiwa mzima wa mwili, tusidhani kwamba yote yamekwisha, maana jeraha la mguu huonekana na jeraha la moyo halionekani. Wajane na yatima wa Semuliki wasikumbukwe siku ya mazishi tu. Wahenga walisema, dawa ya deni ni kulipa.