Kufundisha Matumizi ya Maktaba kwa Wanafunzi Wanaotoka Nakivale

Utangulizi

Maktaba ya chuo kikuu ina vitabu, majarida, kompyuta na wakutubi, lakini vyote hivyo havimfai mwanafunzi asiyejua kutafuta. Makala haya yanakusudia kueleza mambo ambayo mwalimu wa Kiswahili, akishirikiana na mkutubi, anapaswa kuyafundisha ili mwanafunzi aweze kujitafutia maandishi mwenyewe. Tunamlenga hasa mwanafunzi anayetoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, na kuja kusoma Mbarara, katika vyuo kama Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanzishwa mwaka 1989, au Chuo Kikuu cha Bishop Stuart, kilichoanza mwaka 2003. Hoja yetu ni kwamba utafutaji wa maandishi ya Kiswahili una mambo yake, na mkutubi peke yake hawezi kuubeba mzigo huo.

Mwanafunzi wetu ni nani?

Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Yalipokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza mwaka 1959, na baadaye wakafika Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Base Camp, Juru na Rubondo, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wengi wao sokoni na kwenye foleni. Hata hivyo, mwanafunzi aliyetoka Uvira au Bukavu huenda alisoma shule ya msingi kwa Kifaransa, akamaliza sekondari kwa Kiingereza cha Uganda, na nyumbani akawa anazungumza Kiswahili cha Kongo.

Mchanganyiko huo wa lugha una mitego yake. Neno la Kifaransa librairie lina maana ya duka la vitabu. Maktaba kwa Kifaransa ni bibliothèque. Basi anayesoma neno Library mlangoni huweza kudhani kwamba ndani watu huuziwa vitabu, naye hana fedha. Msomali hapati shida hiyo, kwani kwao ni maktabad. Maktaba, kitabu, katibu na mkutubi ni maneno ya shina moja la Kiarabu. Kulieleza jambo hili dogo siku ya kwanza humpa kila mmoja mahali pa kuanzia.

Isitoshe, katika shule nyingi za eneo letu maktaba ni kabati moja lenye kufuli. Mwalimu hutoa kitabu, huandika ubaoni, na mwanafunzi hunakili. Kuingia kati ya rafu na kujichukulia kitabu bila kuitwa ni tabia mpya kabisa kwake.

Mambo manne ya kufundisha

Kwanza, mpangilio wa rafu. Mwanafunzi aangalie namba iliyo mgongoni mwa kitabu. Ikianza kwa tarakimu, aghalabu ni mfumo wa Dewey, uliotolewa mwaka 1876. Ikianza kwa herufi, yamkini ni mfumo wa Library of Congress. Katika Dewey, lugha ya Kiswahili iko 496.392, ilhali fasihi ya Kiswahili iko 896.392. Kwa hiyo kitabu cha sarufi na riwaya hukaa mbali sana, pengine hata vyumba tofauti. Anayepata sarufi asihitimishe kwamba maktaba haina riwaya. Katika Library of Congress mambo ni mepesi zaidi, kwani lugha na fasihi zote ziko PL8701 hadi PL8704. Wanafunzi wenye udadisi watauliza kwa nini Kiingereza kimepewa 420 nzima peke yake, huku Kiswahili, Kinyankore na Kinyarwanda vikibanana ndani ya 496. Swali hilo ni zuri. Mfumo ulitungwa Marekani kwa ajili ya maktaba za Marekani, na hadi leo unaonyesha alikotoka.

Pili, maneno ya kutafutia. Vitabu vyetu huwa na neno Kiswahili kwenye jina la kitabu, lakini wakutubi huviorodhesha kimada chini ya neno Swahili. Anayeandika neno moja tu kwenye kompyuta hukosa sehemu ya vitabu. Vivyo hivyo, utenzi na utendi ni kitu kimoja chenye tahajia mbili, na aliyezoea buku hana budi kuandika kitabu. Majina ya waandishi nayo yana utata: Shaaban Robert atafutwe kwa Shaaban, kisha kwa Robert.

Tatu, viambishi, na hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili anapohitajika zaidi. Mafunzo ya maktaba humwelekeza mwanafunzi aandike mwanzo wa neno kisha aweke alama ya nyota ili kompyuta ilete miishio yote. Kwa Kiingereza njia hii inafaa: teach* huleta teacher na teaching. Kiswahili, hata hivyo, hubadilika mwanzoni pia. Ukiandika fundish* utapata fundisha na fundishwa, lakini hutapata ufundishaji, mafundisho wala kufundisha. Dawa yake ni kuandika maumbo yote ukiyaunganisha kwa OR: mwalimu OR walimu OR ualimu, ufundishaji OR kufundisha OR mafundisho. Somo la ngeli, ambalo wanafunzi wengi huliona kavu, hapa huonyesha faida yake papo hapo.

Nne, kutaja chanzo. Huko alikotoka, kunakili ubaoni kwa usahihi kulikuwa ndiyo bidii yenyewe. Chuoni, kunakili bila kutaja aliyeandika ni wizi wa maandishi, na adhabu yake yaweza kuwa kufutiwa kazi nzima. Si haki kumwadhibu mtu kwa kanuni ambayo hakufundishwa. Afundishwe mapema kuandika jina, mwaka na ukurasa pale pale anaposoma, wala asingoje usiku wa kukusanya kazi.

Vyanzo vya mtandaoni

Maktaba haiishii kwenye kuta. Jarida la Swahili Forum, linalotolewa tangu mwaka 1994, linasomwa bure kupitia Chuo Kikuu cha Leipzig. African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998, ina majarida mengi ya bara letu, mengine bila malipo. Kwa mwanafunzi anayerudi Nakivale wakati wa likizo, cha msingi ni kupakua makala mazima angali chuoni na kuyahifadhi kwenye simu au flashi. Akiwa makazini bando ni ghali, na betri ya simu ina mwisho wake.

Namna ya kufundisha

Desturi ya vyuo vingi ni ziara ya maktaba katika wiki ya kwanza. Kundi kubwa hupita kati ya rafu, mkutubi hueleza, kisha wote hutoka. Ziara humwonyesha mwanafunzi mlango na saa za kufungua. Haimfundishi kutafuta, kwa sababu siku hiyo hana anachokitafuta.

Tunapendekeza kipindi cha saa moja kiwekwe katika wiki ambayo wanafunzi wamepewa kazi yao ya kwanza. Kila mmoja aje na mada yake, aandike maneno matano ya kutafutia pamoja na maumbo yake ya wingi, apate kitabu kimoja na makala moja, kisha aandike marejeo yake. Wafanye kazi wawili wawili, mmoja mwenye nguvu katika Kiingereza na mwingine katika Kiswahili. Mkutubi na mwalimu wawepo wote wawili. Maelezo yakitolewa kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza, mwanafunzi wa Nakivale, ambaye kwa kawaida hukaa kimya nyuma, mara nyingi ndiye humweleza mwenzake.

Hitimisho

Mwezi Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Uamuzi huo unahitaji walimu wengi. Nakivale kuna vijana ambao tayari wanakizungumza kila siku, na kilichobaki ni wahitimu masomo yao. Tukiwapoteza katika mwaka wa kwanza kwa sababu hakuna aliyewaonyesha namna ya kutafuta kitabu, hasara itakuwa ya darasa la Kiswahili lisilo na mwalimu, liwe Mbarara au kwingineko. Walimu wenzangu, tumwendee mkutubi kabla muhula haujaanza, tukubaliane naye tarehe.