Nyangumi 100 waliingia kwenye mikoko Madagaska, ikachukua miaka mitano kujua kwa nini

Mwishoni mwa Mei 2008, wakazi wa kaskazini magharibi mwa Madagaska waliamka na kukuta kitu ambacho hakikuwa cha kawaida. Kundi la nyangumi wapatao 100 lilikuwa limeacha bahari kuu na kuingia Loza, hori kubwa la maji ya chumvi lenye njia nyembamba na misitu ya mikoko.

Wengine walikwama kwenye matope. Wengine walizunguka humo kwa siku na wiki wakitafuta pa kutokea. Angalau 75 walikufa.

Swali la kila mtu lilikuwa moja tu: walifuata nini huku?

Jibu lilitoka Septemba 2013, na lilikuwa la aina yake.

Si nyangumi wa kuonekana ufukweni

Ukisikia nyangumi unafikiria mnyama mkubwa kama basi. Hawa ni wadogo, hawafiki hata mita tatu. Kiukoo ni ndugu wa karibu wa pomboo. Wanaishi maji ya kina kirefu, wanatembea kwa makundi makubwa, na chakula chao kikuu ni ngisi.

Yaani kumkuta kwenye mikoko ni sawa na kumkuta twiga sokoni Kariakoo. Lazima kuna kilichomfikisha pale.

Kwani anakufa kwa kukosa maji?

Hapana, si kama samaki. Nyangumi anavuta hewa kama wewe. Akiwa nchi kavu bado anapumua, lakini mwili unaanza kumsaliti.

Kwanza ni joto. Chini ya ngozi ana tabaka nene la mafuta linalomkinga na baridi ya baharini. Juani, mafuta hayohayo yanamchemsha, na ngozi inababuka.

Pili ni uzito. Baharini maji yanambeba. Ufukweni, hasa kwa wale wakubwa, mwili wake mwenyewe unakandamiza mapafu na misuli.

Tatu ni kiu. Nyangumi hanywi maji ya bahari kama tunavyodhani, maji mengi anayapata kwenye chakula. Kwenye hori lisilo na ngisi, anakosa chakula na maji kwa pamoja.

Kwa hiyo ukipima mzoga utakuta dalili za jua, njaa na upungufu wa maji. Ishu ni kwamba hayo yanaeleza amekufaje. Hayaelezi amefikaje.

Kazi ya kufuta majina kwenye orodha

Wachunguzi wa vifo vya nyangumi wanafanya kazi kama polisi wa upelelezi: wanaanza na orodha ndefu ya washukiwa, kisha wanafuta mmoja mmoja.

Je, ni ugonjwa? Wanachukua vipande vya ubongo, mapafu na ini, wanapeleka maabara. Je, ni sumu? Wanapima ini, mafuta na vilivyomo tumboni. Amegongwa na meli? Wanatafuta mifupa iliyovunjika. Amenaswa na nyavu? Kamba huacha alama kwenye ngozi. Kulikuwa na dhoruba? Wanaangalia rekodi za hali ya hewa.

Tatizo ni muda. Mzoga kwenye joto la pwani unaharibika haraka sana. Sehemu ya ndani ya sikio, ambayo ni muhimu ukishuku kelele, huharibika ndani ya saa chache.

Madagaska, wataalamu kutoka nje walifika siku kadhaa baada ya nyangumi kuonekana. Walisaidia kuwarudisha baharini waliokuwa hai, wakachukua vipimo kwa waliokufa. Baadaye jopo huru la wanasayansi watano, likiongozwa na Brandon Southall, likapewa ushahidi wote.

Ugonjwa? Wakafuta. Sumu? Wakafuta. Hali ya hewa? Nayo wakafuta.

Meli iliyopita jana yake

Hapo ndipo saa na tarehe zikawa muhimu kuliko mzoga.

Jopo lilirudi nyuma kwenye siku ya kwanza nyangumi walipoonekana, kisha likauliza: nani alikuwa baharini kabla ya hapo?

Rekodi zikaonyesha kwamba Mei 29, kama kilomita 65 kutoka pwani hiyo, ilipita meli ya utafiti iliyokodiwa na kampuni ya mafuta ya ExxonMobil. Ilikuwa inatumia kifaa cha kupima kina cha bahari kwa sauti. Kifaa hicho hupeleka mawimbi makali ya sauti chini, yakigonga sakafu ya bahari yanarudi, na kompyuta inachora ramani.

Kwa nyangumi, sauti ndiyo macho. Anaitumia kutafuta ngisi gizani na kujua wenzake wako wapi. Sauti ya kifaa kile, kilohezi 12, iko ndani kabisa ya kiwango anachosikia. Na meli ilikuwa inafuata ukingo ambapo bahari ya kina kirefu inakutana na maji mafupi. Kundi lililo kati ya meli na nchi kavu, likikimbia kelele, linakimbilia pwani.

Kulikuwa na mshukiwa mwingine: milipuko ya hewa inayotumika kutafuta mafuta chini ya sakafu ya bahari. Lakini hiyo ilianza baada ya nyangumi kuwa wameshaingia, kwa hiyo haikuwa chanzo cha kwanza.

Jopo halikusema "tumethibitisha asilimia mia". Lilisema kifaa kile ndicho kichocheo kinachoelekea zaidi kuwa sababu. ExxonMobil haikukubali, ikisema ushahidi hautoshi. Jopo lenyewe lilikiri kwamba vifaa vya aina hiyo vinatumika sehemu nyingi duniani bila tukio kama hili kuripotiwa, hivyo huenda mazingira ya pale yalichangia.

Nungwi bado hatujui

Miaka miwili kabla, Aprili 2006, pomboo wapatao 400 walikutwa wamekufa ufukweni Nungwi, kaskazini mwa Unguja. Wataalamu walipowapasua walikuta matumbo yao hayana chakula. Wapo walioshuku sona za meli za kivita, lakini haikuthibitishwa. Mpaka leo chanzo hakijulikani kwa uhakika.

Wakati huohuo, baadhi ya watu pale walikuwa wanapasua mizoga kuchukua maini, kwa sababu mafuta yake hupakwa kwenye vyombo vya baharini. Huwezi kuwalaumu, ni matumizi ya siku zote. Ila ini ni moja ya vitu vya kwanza anavyovitafuta mpimaji wa sumu.

Kujua chanzo kunasaidia nini?

Mfano mzuri uko Visiwa vya Kanari, Hispania. Septemba 2002, nyangumi 14 walikwama wakati wa mazoezi ya kijeshi ya majini. Uchunguzi ukakuta viputo vya gesi mwilini mwao, ukahusishwa na sona. Mwaka 2004 Hispania ikapiga marufuku sona hizo karibu na visiwa. Kufikia 2013, wanasayansi waliripoti kwamba hakukuwa na tukio jingine la kundi kukwama pale.

Na sisi je? Bahari kati ya Afrika Mashariki na Madagaska inapitiwa na meli za mizigo, za kivita na za kutafuta mafuta na gesi. Hili si la wenzetu tu.

Ukimkuta wewe

Kabla ya selfie, fanya haya:

- Piga picha na video zinazoonyesha mwili mzima, zikiwa na saa na mahali. Kumbuka Madagaska: siku ya kwanza kuonekana ndiyo iliyofungua kesi.
- Toa taarifa mapema. Kenya ni KWS. Tanzania Bara ni Hifadhi za Bahari au ofisi ya uvuvi iliyo karibu, na Zanzibar ni idara ya uvuvi.
- Kama yuko hai, mfunike na nguo iliyoloa na umwagie maji, lakini usizibe tundu la kupumulia juu ya kichwa. Usimvute mkia. Kaa mbali na mkia pia, unaweza kukuvunja.
- Kama amekufa, usimpasue wala usile nyama. Hujui kilichomuua.

Na kama umeona meli isiyo ya kawaida siku moja au mbili kabla, iseme. Wavuvi wanaona mengi huko nje ambayo hakuna anayewauliza.