Chambo mezani, mvuu majini: Maneno yanayowatatiza wasafiri wa Ziwa Nyasa

MKAZI wa Songea anayefika katika kisiwa cha Likoma akiwa na njaa anaweza kushtushwa na jambo dogo: anaagiza chakula, naye anaambiwa kuwa kilichopo ni chambo. Kwa Kiswahili, chambo ni kile kinachotundikwa kwenye ndoano ili kumhadaa samaki. Kwa Wamalawi, chambo ndiye samaki mwenyewe, tena mwenye heshima kuliko wote mezani, wa jamii ya perege. Anayekataa sahani hiyo kwa kudhani anadhihakiwa atakuwa amejinyima kitoweo ambacho, kutokana na uvuvi uliopindukia, kimepungua sana.

Kutoka Songea hadi Mbamba Bay, kupitia Mbinga, ni safari ya kilomita zipatazo 170. Kusini ya hapo, karibu kabisa na pwani ya Msumbiji, ndipo vilipo visiwa vya Likoma na Chizumulu, ambavyo ni mali ya Malawi. Sababu ya hali hiyo ni wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza walioweka makao yao Likoma katika karne ya 19, na ambao kanisa kuu walilolianza mwaka 1903 lingali limesimama hadi leo.

Wanaokwenda huko kuangalia viumbe hufuata hasa mbuna, samaki wadogo wa miambani wenye rangi za buluu, manjano na zambarau. Ziwa Nyasa lina zaidi ya aina 700 za samaki, na wengi wao hawapatikani penginepo duniani. Mbuna haondoki kirahisi kwenye mwamba wake. Eneo la mchanga tu lililo kati ya miamba miwili humzuia kama ukuta. Kwa hiyo, kila kisiwa kimejipatia mbuna wa rangi yake, na wale wa kisiwa cha Lundo, upande wa Tanzania karibu na Mbamba Bay, si lazima wafanane na wale wa Likoma. Jike hubeba mayai kinywani hadi yaanguliwe, na katika muda huo hali chakula, au hula kidogo sana.

Maneno nayo yametengana kwa namna hiyo hiyo. Kiswahili na Kinyanja, ambacho serikali ya Malawi ilikiita Kichewa kuanzia mwaka 1968, ni ndugu wa ukoo mmoja wa Kibantu. Fisi ni fisi kote kuwili, mbuzi ni mbuzi, na nyama ni nyama. Undugu huo ndio unaomponza mgeni, kwa kuwa humfanya adhani anaelewa kila kitu. Akiambiwa kuna kamba njiani atatafuta ugwe, kumbe anaonyeshwa kobe. Akikanyagwa mguu na kuambiwa "pepani" atajiuliza mambo ya peponi yameingiaje hapo, ilhali anaombwa radhi.

Lipo neno moja ambalo si la kuchekea. Kiboko huitwa mvuu. Mgeni aliye ufukweni jioni, akisikia watu wakipaza sauti kwamba kuna mvuu, anaweza kutazama mawingu badala ya kutazama maji. Mvua kwa wenyeji ni mvula, na tofauti ya silabi moja hapo ni tofauti ya kulowa na kuumia. Kiboko hutoka majini kwenda kulisha giza linapoingia, na hatari huwa kubwa zaidi kwa mtu aliyesimama kati yake na maji. Ni busara kulijifunza neno hili kabla ya salamu.

Hata wasomi wa Ulaya walinaswa na mtego wa namna hii. David Livingstone alipofika ziwani mwaka 1859 alilipeleka kwenye ramani jina la Nyasa, neno ambalo kwa wenyeji lina maana ya ziwa tu. Anayetamka "Ziwa Nyasa", kwa hiyo, anasema "Ziwa Ziwa". Mzaha huo umekwishageuka siasa: Malawi huliita Ziwa Malawi, Tanzania imebaki na Nyasa, na nchi hizo mbili zina mgogoro wa mpaka ambao mzizi wake ni mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890. Mgeni mwenye adabu hutumia jina la mwenyeji wake anapokuwa kwake.

Wanaovuka kutoka Likoma kwa mashua hadi Cóbuè, nchini Msumbiji, hukutana na Kireno. Huko wataelewa meza, leso na bendera bila mkalimani, kwa sababu Kiswahili kilizichukua kwa Wareno karne nyingi zilizopita. Lakini akielekezwa njia ya "igreja", Mtanzania asianze kutoa maelezo kwamba hana kosa. Ingawa neno hilo ndilo lililotuzalia gereza, kwa Wareno ni kanisa.