JE, WAJUA? Kilimanjaro imo ndani ya alama ya Kichina

Neno “mlima” kwa Kichina huandikwa 山 na kutamkwa shan. Alama hiyo ilianza kama picha ya vilele vitatu, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Mtoto anayesomea nyumbani Moshi hahitaji picha ya kitabuni. Asubuhi mawingu yakifunguka, mtoe uani atazame Kilimanjaro upande wa kaskazini: Shira kushoto, Kibo katikati (mita 5,895), Mawenzi kulia (mita 5,149). Shira ilibomoka zamani ikabaki uwanda, na hapo maswali ya mtoto huanza kumiminika. Mimi napenda kuanzia somo la Kichina hapa kuliko kwenye madoli ya joka.

Kisha tengenezeni wino wa kuandikia alama hiyo: masizi ya sufuria, maji na uji mwepesi kidogo wa kuushikisha. Wachina nao hutumia masizi, ila wao huchanganya na gundi. Ponda ncha ya kijiti kibichi mpaka nyuzi zitokee, hiyo ndiyo brashi. Mstari wa katikati wa 山, yaani Kibo, huandikwa kwanza. Wa pili hushuka kushoto na kupinda chini kuelekea kulia. Wa tatu hufunga upande wa Mawenzi. Ganda kavu la mgomba latosha kuwa karatasi.