Kifua cha Mama na Safari ya Mtoto Njiti

Mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za mimba, ambaye wengi humwita mtoto njiti, hupoteza joto upesi mno. Ngozi yake ni nyembamba, eneo la mwili wake ni kubwa likilinganishwa na uzito wake, na mafuta ambayo mtoto aliyetimiza miezi huyachoma ili kujipatia joto huwa bado ni haba. Akizaliwa mwezi Julai huko Mgeta au Nyandira, katika miinuko ya magharibi ya Uluguru ambako usiku ni wa baridi kali, hasara hiyo huanza mara tu anapotoka tumboni. Naye akipewa rufaa, hana budi kuteremshwa kwa barabara ya milimani kupitia Mlali, hadi barabara kuu jirani na Mzumbe, ndipo afikishwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Morogoro. Je, njiani atapata wapi joto?

Jibu la mazoea ni nguo: kanga juu ya kitenge, na blanketi juu ya vyote. Nia ni njema, lakini nguo huhifadhi joto lililopo tu, haizalishi jipya. Mtoto aliyekwisha kupoa akiviringishwa katika blanketi tatu huendelea kuwa baridi ndani ya blanketi tatu. Kifua cha mama, kwa upande wake, ni chanzo cha joto, tena hakitegemei umeme.

Mwaka 1978 Daktari Edgar Rey Sanabria wa mjini Bogotá, Kolombia, akiwa na inkubeta chache na watoto wengi, aliwaweka watoto njiti vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Kwa kuwa kangaruu hulelea mtoto wake mchanga mfukoni, njia hiyo ikaitwa huduma ya kangaruu. Bahati mbaya, asili hiyo iliifanya ionekane kuwa tiba ya maskini, ya kutumiwa pale mashine zinapokosekana. Kwa miaka mingi, tena, miongozo ilielekeza kwamba mtoto mdogo sana asiwekwe kifuani mpaka hali yake itengemae. Wengi walifariki katika kipindi hicho cha kusubiri.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ndio uliogeuza mtazamo huo. Ulihusisha watoto 3,211 wenye uzito wa gramu 1,000 hadi 1,799, katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Kwa upande wa Tanzania ilikuwa Muhimbili. Waliowekwa kifuani mapema, wengi wao ndani ya saa chache za kwanza, walifariki asilimia 12.0 katika siku 28; waliosubiri kutengemaa walifariki asilimia 15.7. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda uliopangwa, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine faida hiyo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilielekeza huduma hiyo ianze mapema iwezekanavyo, nayo itolewe saa 8 hadi 24 kwa siku. Lakini isisahaulike kwamba watoto wale walikuwa hospitalini, wakipata msaada wa kupumua na wa kulishwa kila ulipohitajika. Kifua hakichukui nafasi ya rufaa, na mtoto asiyeweza kupumua mwenyewe huhudumiwa pumzi kwanza.

Namna yenyewe ni rahisi. Mtoto huvalishwa nepi, kofia na soksi tu, akasimamishwa katikati ya matiti, miguu ikiwa imekunjwa kama ya chura. Kichwa hugeuzwa upande mmoja na kuinuliwa kidogo, maana shingo iliyopinda mbele huziba njia ya hewa. Kisha mama hufungwa kanga kwa uthabiti, ukingo wa juu ukiishia chini ya sikio la mtoto, naye huvaa nguo yake juu. Katika gari la wagonjwa mama huketi akiwa ameegemea, uso wa mtoto ukionekana wakati wote. Muuguzi anayesindikiza huangalia pumzi na rangi ya midomo, na hupima joto, ambalo lapaswa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Kumnywesha maziwa ya mama yaliyokamuliwa, kwa kikombe au kwa mpira kama hawezi kunyonya, kusingoje kufika.

Saa 8, sembuse 24, ni nyingi kwa mwanamke aliyetoka kujifungua. Baba, bibi au mama mdogo mwenye afya aweza kumpokea. Na kwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, mara nyingi ndugu hao wa kike wako karibu. Ni vyema muuguzi awaite na kuwafundisha wodini. Kwa mama aliyeajiriwa, marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yanaongeza likizo ya uzazi kwa aliyejifungua mtoto njiti, kwa kufidia wiki zilizobaki kufikia 40. Mkulima wa mboga wa Mgeta hana mwajiri wa kumpa likizo hiyo. Kwake, wiki hizo zitapatikana tu iwapo nyumba yake itakubali kulima bila yeye, mpaka mtoto mwenyewe aanze kufurukuta na kukataa kufungwa.