Kijaluba cha Jiwe na Kijaluba cha Mama

Wapenzi wasomaji, na khususan nyinyi dada zangu, leo nawaletea habari ya safari; lakini ndani yake mna kukiri kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana nilijaaliwa kumtembelea binti yangu, ambaye mumewe anafanya kazi katika bandari ya Piraeus nchini Ugiriki. Siku moja akanichukua hadi Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia mjini Athens. Nilisita mlangoni, kwani Wayunani wa kale walikuwa watu wa masanamu. Kisha nikakumbuka kuwa tumehimizwa kutembea katika ardhi na kuzingatia mwisho wa waliotutangulia. Nikatia nia hiyo, nikaingia.

Tuliona barakoa ya dhahabu iliyofukuliwa Mycenae mwaka 1876, iliyofunikwa uso wa maiti. Tuliona pia vipande vya shaba vya chombo cha magurudumu yenye meno, kilichotolewa baharini karibu na kisiwa cha Antikythera, ambacho kwacho walihesabu mienendo ya jua na mwezi. Nilistaajabu, lakini kilichonisimamisha kilikuwa jiwe la kaburi.

Jiwe hilo lilitoka katika makaburi ya Kerameikos, na lilichongwa miaka 400 na kitu kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, alayhi salaam. Juu yake limeandikwa jina la marehemu, Hegeso, na jina la Proxenos. Bibi huyo ameketi kitini, kichwani ana mtandio mwepesi. Mbele yake amesimama mtumishi wake, amemshikia kijaluba kilicho wazi. Hegeso amekwisha kutoa pambo, ameliinua kwa vidole na kulitazama.

Nikasogea nilione pambo lenyewe. Halipo. Binti yangu akanisomea maelezo: lilipakwa kwa rangi tu, na rangi imefutika. Vidole vimebaki, vimeshika hewa.

Akatazama kwa muda, kisha akasema, "Baba, kama kijaluba cha bibi, kile kilicho kabatini kwako."

Maneno hayo yalinichoma.

Mama yangu alifariki miaka sita kabla ya safari hiyo. Baba na wazee wake mama walikuwa wametangulia. Warithi ni mimi na dada zangu wawili. Deni hakuacha. Aliacha kijaluba chenye bangili, mkufu na vipuli vya dhahabu. Nilikichukua siku ya arubaini nikisema ninakihifadhi. Dada yangu mdogo, aliyekuwa akikaanga mahamri alfajiri ili alipe karo za wanawe, aliniuliza mara moja tu. Nikamjibu, "Subira, dada. Tusije tukagombana kwa ajili ya dhahabu." Akanyamaza kwa heshima, nami nikauhesabu ukimya wake kuwa ni radhi. Na miaka yote hiyo nilikuwa nikisomesha mlango wa mirathi msikitini!

Katika Athens ya zama za Hegeso, watoto wa kiume ndio waliorithi, na binti alipewa mahari ya kuondokea kwao. Mwanamke hakuruhusiwa kufunga mkataba wa mali inayozidi thamani ya takriban lita 52 za shayiri. Asiye na kaka, mali ya baba ilimfuata yeye, lakini ili amwozwe jamaa wa karibu wa kiume. Sisi tumeteremshiwa Suratun-Nisaa, na aya yake ya 7 imewathibitishia wanawake fungu lao, mali iwe chache au nyingi. Nikajiuliza: ikiwa sheria ni bora na mwenye kuisomesha amefunga kabati, dada yake amenufaika na nini?

Niliporejea nyumbani niliwaita dada zangu. Tukaenda kwa sonara, akapima kila kipande mbele yetu. Nusu ni yangu, na robo kwa kila mmoja wao. Dada mdogo akachagua bangili ya mama, akaivaa, akanitazama. "Kaka," akasema, "ulikuwa ukingoja nini?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nilimwomba msamaha.

Ndugu zangu wanaume, fungueni makabati yenu. Amana isiyo na muda ni dhulma iliyovishwa kanzu. Nanyi dada zetu, kudai fungu lenu si kukata udugu. Na pindi mazungumzo ya nyumbani yakishindikana, Mahakama ya Kadhi ipo. Msingoje hadi rangi ifutike, mikono ikabaki imeshika hewa.

Wabillahi tawfiq.